Vitufe vya kupiga haraka kwenye simu ya mezani: wanavyodhani watu, na ilivyo

Katika ofisi na hoteli za Malindi simu ya mezani haijastaafu, na ile safu ya vitufe pembeni mwake, ambavyo kila kimoja hupiga nambari uliyokiwekea, imezushiwa mengi.

Dhana: Nambari ihifadhi kama ilivyo kwenye simu ya mkononi.

Hii ndiyo inayowasumbua watu wa mapokezi kuliko zote. Kitufe hakifikirii lolote. Kinabonyeza tarakimu ulizokiwekea, kwa mpangilio uleule. Ikiwa kwenu lazima ubonyeze 9 ndipo upate laini ya nje, basi hiyo 9 nayo iingie kwenye kitufe: nambari ya dereva inayoanza na 07 ihifadhiwe kuanzia 907. (Kwingine ni 0 badala ya 9, muulize fundi wenu.) Nambari za ndani, za jikoni au uhasibu, haziitaki.

Swichibodi (mtambo unaounganisha simu za ofisi na laini za nje) nyingine za zamani huchelewa kidogo kutoa laini, na tarakimu za mwanzo humezwa. Hapo unaweka kituo kifupi cha kusubiri baada ya 9, ambacho kwenye kioo mara nyingi huonekana kama P au koma.

Halafu kuna ile alama ya +. Simu nyingi za mezani hazina. Kupiga ng'ambo kutoka laini ya mezani ya Kenya unaanza na 000, isipokuwa majirani: Tanzania ni 007, Uganda 006. Na kwa kuwa Malindi ina Waitaliano wengi, hapa pana mtego. Tumezoea kuidondosha sifuri ya mbele tukishaweka msimbo wa nchi. Anayetupigia Malindi kutoka nje huandika 254 ya Kenya kisha 42, si 042. Nambari za mezani za Italia hazifuati desturi hiyo. Ofisi iliyo Roma, yenye 06, hupigwa 000 39 06, sifuri ikibaki pale pale. Za mkononi za kwao huanza na 3, hazina sifuri ya kubishaniwa.

Dhana: Taa ya kitufe itanionyesha kama meneja yuko kwenye simu.

Kitufe cha kupiga haraka hakijui habari za meneja. Kinachowaka mwenzio akiongea ni kitufe cha aina nyingine, kilichopangwa kufuatilia nambari ya ndani kupitia swichibodi. Simu ya mkononi ya dereva hakiwezi kuifuatilia.

Dhana: Stima ikipotea, vyote vinafutika.

Simu za siku hizi huhifadhi kwenye kumbukumbu isiyotegemea umeme. Za kale zilitumia betri ndogo chini ya simu, na betri ikifa ndipo nambari zikaenda. Kinachofuta kweli ni kuirudisha simu katika hali ya kiwandani.

Dhana: Nikishaweka mwenyewe, imekaa.

Si lazima. Simu zinazopitia mtandao wa kompyuta mara nyingi huchukua mipangilio yake kutoka seva, yaani kompyuta kuu ya mfumo, na zikiwashwa upya zinaweza kuyafuta uliyoyaweka kwa mkono. Kwenye simu za namna hiyo, anayesimamia mfumo ndiye akuwekee.

Dhana: 999 ya dharura iwe kitufe cha kwanza.

Mimi siafiki. Ni tarakimu tatu tu, na kitufe hubonyezwa hata na kiwiko. Bandika kikaratasi chenye 999 na 112 kando ya simu, ukiandika pia kama kwenu lazima itanguliwe na 9.