M.D. au D.O.: Maelezo kwa Wagonjwa Kuhusu Shahada Mbili za Udaktari Nchini Marekani

Ofisi yetu, inayohakiki sifa za madaktari hospitalini, imeombwa itoe maelezo haya kwa Kiswahili kwa sababu malalamiko ya aina moja yameongezeka katika miezi ya karibuni kutoka kwa wagonjwa wanaozungumza lugha hii, wengi wao wakiwa wametoka Kongo, Burundi, Tanzania na Kenya. Mgonjwa hupelekwa chumbani, daktari huingia na kujitambulisha, mgonjwa huona kwenye beji yake herufi D.O. (Doctor of Osteopathic Medicine) badala ya M.D. (Doctor of Medicine) alizozizoea, kisha humwomba mkalimani amweleze muuguzi kwamba yeye angependa kuonwa na "daktari kamili". Ombi hilo kwa kawaida hutolewa kwa heshima na kwa nia njema, wala hatumlaumu aliyelitoa. Hata hivyo, limewachelewesha wagonjwa kutibiwa, wakiwemo wagonjwa wa idara ya dharura, na kuchelewa kwa sababu ya herufi mbili hakuna utetezi.

Nchini Marekani M.D. na D.O. wote ni madaktari kamili. Sheria za majimbo yote 50 zinawaruhusu kuchunguza, kuandika dawa, kupasua, kuzalisha, kutoa usingizi, kusaini vyeti vya kifo na kuongoza wodi. Yupo D.O. anayepasua ubongo na yupo M.D. anayetibu mafua, kwa kuwa kinachoamua kazi ya daktari ni mafunzo ya ubingwa aliyoyapata baada ya shahada.

Njia zenyewe zinafanana kiasi kwamba wanafunzi wengi huomba vyuo vya aina zote mbili kwa wakati mmoja. Mwombaji humaliza kwanza shahada ya kawaida ya chuo kikuu, aghalabu miaka 4, hufanya mtihani wa MCAT wa kuingilia vyuo vya udaktari, kisha husoma udaktari kwa miaka 4, miwili ya mwanzo ikiwa zaidi ya darasani na miwili ya mwisho wodini. Baada ya hapo huingia rezidensi, yaani mafunzo ya ubingwa hospitalini, ambayo huchukua miaka 3 kwa daktari wa familia na hufika 7 kwa mpasuaji wa ubongo. Vyuo vya M.D. hupewa ithibati na chombo kinachoitwa LCME, na vya D.O. na kingine kinachoitwa COCA. Wanafunzi wa M.D. hufanya mitihani ya leseni ya USMLE, na wa D.O. hufanya COMLEX, ingawa wengi wa hawa wa pili hufanya yote miwili ili kujipanulia nafasi. Zamani hata programu za rezidensi zilikuwa na wasimamizi tofauti. Tangu katikati ya mwaka 2020 zote ziko chini ya msimamizi mmoja, ACGME, kwa hiyo vijana wa shahada zote mbili hufundishwa pamoja, hulala zamu pamoja na hupimwa kwa vigezo vilevile. Chuo Kikuu cha Michigan State kina kitivo cha M.D. na kitivo cha D.O., na zaidi ya robo ya wanafunzi wote wanaosomea udaktari nchini humu sasa wako upande wa D.O. Anayetaka kuwakwepa atapata shida kubwa, hasa akiishi mji mdogo, kwa sababu vyuo vya D.O. vimekuwa vikisisitiza tiba ya familia na huduma za vijijini.

Tofauti ya kweli katika masomo ni moja. Mwanafunzi wa D.O. hufundishwa, juu ya yale yote anayofundishwa mwenzake, takriban saa 200 za tiba ya mikono: kupapasa misuli, viungo na uti wa mgongo ili kutambua palipokaza, na mbinu za kupalegeza. Kwa kuwa tumeulizwa mara nyingi ni kitu gani hasa, tutaeleza mbinu mojawapo. Mgonjwa mwenye maumivu ya kiuno hulazwa chali. Daktari huuinua mguu wake ukiwa umenyooka hadi pale misuli ya nyuma ya paja inapoanza kukaza, husimama hapo, kisha humwambia ausukume mguu kuelekea chini huku yeye akiuzuia. Baada ya sekunde 3 hadi 5 humwambia alegeze, na misuli inapolegea huusogeza mguu juu kidogo zaidi, mpaka inapokaza tena. Hurudia hivyo mara 3 au zaidi. Hapavunjwi kitu, hapachomwi kitu, wala hapana dawa ya kienyeji inayopakwa. Utafiti unaiunga mkono tiba hii kwa kiasi fulani katika maumivu ya kiuno. Kwa mbinu nyingine, hasa zile za kushikashika mifupa ya fuvu, ushahidi ni hafifu, na hatuoni sababu ya kulificha hilo. Madaktari wengi wa D.O. hawaitumii kabisa katika kazi zao za kila siku, na anayeitumia hana budi kuomba ridhaa yako kwanza. Unaweza kuikataa tiba hiyo ukaendelea kutibiwa na daktari yuleyule.

Shahada hizi zilitengana kwa sababu za kihistoria. Andrew Taylor Still, daktari aliyezaliwa Virginia mwaka 1828, alifiwa na watoto wake watatu kwa homa ya uti wa mgongo mwaka 1864, na dawa za wakati ule, ambazo nyingi zilikuwa sumu tupu, zebaki ikiwemo, hazikumsaidia. Mwaka 1874 alitangaza nadharia yake kwamba mwili una uwezo wa kujiponya iwapo maumbile yake yamekaa sawasawa, na mwaka 1892 akafungua chuo cha kwanza huko Kirksville, Missouri. Aliwakataa wauza dawa wa zama zake, na kwa sehemu kubwa alikuwa na haki. Alikosea pale alipodhani kwamba karibu kila ugonjwa una chanzo katika mifupa. Waliomfuata walilirekebisha hilo wenyewe, wakaingiza masomo ya dawa na upasuaji, hata mitaala ikakaribiana na ya wenzao.

Chama cha madaktari wa M.D., AMA, hata hivyo, kiliendelea kwa miongo kadhaa kuwahesabu D.O. kuwa kundi la imani potofu. Lililotokea California linastahili kuelezwa kwa urefu, kwa sababu linajibu swali la wagonjwa wetu kuliko maelezo yoyote ya kitaalamu. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 vyama vya pande mbili vya jimbo hilo vilikubaliana kuungana. Chuo cha D.O. cha Los Angeles kiligeuzwa kuwa cha M.D., nacho ndicho chimbuko la kitivo cha udaktari cha Chuo Kikuu cha California kilichopo Irvine. Madaktari wapatao 2,000 waliokuwa na D.O. walihudhuria semina fupi, wakalipa ada ya dola 65, wakapewa M.D. Wagonjwa wao walirudi kliniki zilezile wakawakuta watu walewale na mikono ileile, kanzu tu ndiyo iliyobadilika. Mwaka 1962 wapiga kura wa jimbo wakazuia leseni mpya za D.O., na zuio hilo likadumu hadi Mahakama ya Juu ya California ilipoliondoa mwaka 1974. Kama pengo la ujuzi kati ya shahada hizo lilikuwa linazibika kwa semina na dola 65, msomaji atajua mwenyewe lilikuwa na kina gani. Kwingineko mambo yalienda haraka zaidi: jeshi la Marekani lilifungua mlango kwa D.O. mwaka 1966, AMA yenyewe ikawakubali kuwa wanachama mwaka 1969, na kufikia mwaka 1973 hapakuwa na jimbo jingine lisilowapa leseni kamili.

Wapo wanaotuambia kwamba "wakubwa" hawawezi kutibiwa na D.O. Sean Conley, aliyekuwa daktari wa Rais Trump wakati wa korona mwaka 2020, ni D.O.; Kevin O'Connor wa Rais Biden ni D.O.; na Sean Barbabella aliyefuata mwaka 2025 ni D.O. Kwa wanaotaka takwimu, utafiti uliochapishwa mwaka 2023 ulilinganisha wazee waliolazwa na kutibiwa na madaktari wa aina hizi mbili: waliofariki ndani ya siku 30 walikuwa asilimia 9.5 kwa D.O. na 9.4 kwa M.D., na siku za kulazwa zililingana.

Tunakubali kwamba mkanganyiko una chanzo. Aliyekulia Kongo na kusikia habari za Ubelgiji na Ufaransa, au aliyekaa Uingereza, anamjua osteopathi kuwa mtu wa kunyoosha mgongo tu, asiyeandika dawa wala kupasua, na huko ni kweli. Uingereza wana sheria yao ya mwaka 1993 na baraza lao, mbali na lile la madaktari. Mtu huyo hawezi kuja Marekani akafanya kazi kama D.O., kwa kuwa D.O. hutoka katika vyuo vya Marekani vyenye ithibati ya COCA. Wengine humchanganya D.O. na bingwa wa upasuaji wa mifupa, wakashangaa kutumwa kwake wakiwa na shinikizo la damu.

Sasa kuhusu uhakiki, ambao ndio kazi yetu. Daktari anapoomba kutibu hospitalini, hatupokei nakala ya cheti kutoka mkononi mwake. Tunaandika moja kwa moja kwa chuo alichosoma, kwa hospitali alikofanya rezidensi, na kwa bodi ya kila jimbo lililowahi kumpa leseni, hata kama leseni hiyo iliisha muda zamani. Katika majimbo kama Michigan, Pennsylvania na Arizona D.O. wana bodi yao. Texas, Ohio na Minnesota bodi ni moja kwa wote. Tunathibitisha usajili wake wa kuandika dawa zinazodhibitiwa, bima yake, na kwamba hayumo katika orodha ya waliozuiwa kulipwa na Medicare na Medicaid, mipango ya serikali ya bima ya afya. Kisha, kwa mujibu wa sheria ya shirikisho ya mwaka 1986, tunauliza jina lake katika hifadhidata ya taifa iliyoanza kazi mwaka 1990, ambamo huwekwa fidia zilizolipwa kwa uzembe, leseni zilizosimamishwa na haki za kutibu zilizozuiwa kwa zaidi ya siku 30. Tunauliza anapoomba mara ya kwanza na kila baada ya miaka 2. Hospitali isiyouliza huhesabiwa kuwa ilijua yaliyomo, na isiyoripoti inavyotakiwa inaweza kunyang'anywa kinga yake ya kisheria kwa miaka 3. Fomu ni zilezile kwa M.D. na D.O., na hakuna anayepita mlango wa nyuma.

Hifadhidata hiyo haiko wazi kwa umma, lakini leseni ziko wazi. Tovuti ya bodi ya jimbo lako itakuonyesha bila malipo kama leseni ya daktari iko hai na kama amewahi kuadhibiwa. Ni kazi ya dakika chache, na inakupa habari ambazo beji haiwezi kukupa.

Unayo haki ya kuomba daktari mwingine, na ombi hutekelezwa pale inapowezekana bila kuhatarisha afya. Katika dharura huenda lisitekelezwe. Unayo pia haki ya mkalimani bila malipo, na tunaomba mumtumie huyo badala ya mtoto wa familia. Jambo linalotusumbua zaidi ni kwamba baadhi ya wanaomkataa D.O. mwenye leseni hawasiti kuchomwa sindano sebuleni na mtu anayejulikana mtaani kama "daktari" kwa kuwa aliwahi kuwa daktari alikotoka. Kutibu bila leseni ni kosa la jinai katika kila jimbo, na katika majimbo mengi ni la daraja la juu lenye kifungo. Asiye raia anaweza pia kuharibikiwa na hadhi yake ya uhamiaji. Sifa alizozipata huko tunaziheshimu, lakini sheria haimpi nafasi hiyo.

Kwa wazazi na vijana wanaofikiria kusoma, neno M.D. lenyewe halina maana moja duniani. Muhimbili hutoa M.D. baada ya miaka 5 tangu kidato cha sita, Nairobi na Makerere hutoa MBChB, na wote hao ni madaktari huko kwao. Mwenye shahada hizo akitaka kufanya kazi Marekani, kwa kawaida hupitia cheti cha ECFMG (chombo kinachothibitisha sifa za madaktari waliosomea nje), mitihani ya USMLE na rezidensi. Njia ya D.O. haimhusu, isipokuwa akianza masomo upya. Mwenye D.O. anayekusudia kurudi Afrika Mashariki naye ajue kwamba si kila nchi inaipa shahada hiyo uzito uleule, na zipo zinazomruhusu tiba ya mikono pekee. Anayekusudia kurudi alipe ada ya kushikilia nafasi chuoni baada tu ya kuliandikia Baraza la Madaktari Tanganyika, baraza la Kenya au la nchi yake, kupata jibu la maandishi linalotaja chuo hicho kwa jina, na kuihifadhi barua hiyo pamoja na vyeti vyake.