Makocha wanane wa Kansas, na jinsi ya kusoma rekodi zao

Orodha ya makocha wa mpira wa kikapu wa wanaume wa Chuo Kikuu cha Kansas, nchini Marekani, ni fupi mno. Timu ilicheza mechi yake ya kwanza mwaka 1899, na tangu siku hiyo imekuwa na makocha wakuu wanane tu. Kati ya hao, mmoja peke yake alipoteza mechi nyingi kuliko alizoshinda, naye ni James Naismith, mtu aliyeubuni mchezo wenyewe.

Watu huizungumzia habari hiyo kama ajabu la dunia, kisha wakaipita. Mimi naona ndipo pa kuanzia. Namba za ushindi na kushindwa hazisemi lolote mpaka ujue kocha alikuwa anacheza na nani, kwa kanuni zipi, na nani alimwachia kiti. Kansas ni mahali pazuri pa kujifunzia hilo, kwa sababu karibu kila aliyekikalia kiti kile alipitia mikononi mwa aliyemtangulia, au mikononi mwa mwanafunzi wake.

Naismith aliubuni mchezo Desemba 1891 huko Springfield, Massachusetts, katika chuo cha kufundishia wakufunzi cha YMCA, jumuiya ya Kikristo ya vijana. Alitundika vikapu viwili vya kubebea matunda ya pichi kwenye ukingo wa roshani ya ukumbi, futi 10 kutoka sakafuni, akaandika kanuni 13. Urefu ule ndio tunaoutumia hadi leo, mita 3.05. Mwaka 1898 alihamia Lawrence, Kansas, kusimamia ibada za chuo na mazoezi ya viungo. Timu ya mpira wa kikapu ilikuja kama nyongeza ya kazi hizo. Mechi ya kwanza, tarehe 3 Februari 1899, walifungwa 16-5 na YMCA ya Kansas City.

Alipoondoka mwaka 1907 alikuwa ameshinda mechi 55 na kupoteza 60. Sasa tazama alicheza na nani. Baadhi ya wapinzani walikuwa vilabu vya watu wazima, si vijana wa darasani. Kila kikapu kilipofungwa, mpira ulirudi katikati ukarushwa juu upya, kanuni iliyodumu hadi mwaka 1937, kwa hiyo timu yenye mrukaji mmoja mzuri iliweza kuushika mpira karibu mechi nzima. Naismith mwenyewe mara nyingine alikuwa mwamuzi wa mechi za timu yake. Kwake, mchezo huu ulikuwa mazoezi ya mwili na malezi ya tabia, na hakuamini kwamba kuna mengi ya kumfundisha mchezaji zaidi ya kumwacha acheze.

Mwanafunzi wake Forrest Allen, maarufu kwa jina la Phog, hakukubaliana naye hata kidogo. Alichukua timu mwaka 1907, akiwa anafundisha pia katika vyuo vya jirani, akaondoka 1909 kusomea tiba ya mifupa na misuli kwa mikono. Katika miaka ile kumi ya kati kiti kilikaliwa na William Hamilton, aliyeshinda 125 na kupoteza 59. Hamilton husahaulika sana, na si haki. Allen alirudi 1919, akakaa hadi 1956.

Jumla yake ni ushindi 590 na kushindwa 219. Hapa pana jambo dogo la kihesabu. Msimu wa 1946-47 Allen aliugua, na Howard Engleman akaishikilia timu kwa mechi 14, akashinda 8. Mechi hizo hazimo kwenye namba ya Allen, wala Engleman hahesabiwi miongoni mwa makocha wanane.

Lakini jambo kubwa zaidi la Allen halimo kabisa kwenye namba hizo. Mwaka 1927 kamati ya kanuni ilitaka mchezaji aruhusiwe kuudunda mpira mara moja tu kabla ya kupasi au kutupa. Allen alikusanya makocha wenzake, wakaunda chama chao, wakaipinga hadi ikaondolewa. Kila kijana anayemkokota beki wake leo kwa mpira wa kudunda, awe uwanja wa Don Bosco Upanga au wa Nyayo, ananufaika na ubishi ule. Allen pia alikuwa mstari wa mbele kupigania mchezo uingizwe kwenye Olimpiki, ukaingia Berlin mwaka 1936, na Naismith akiwapo kuushuhudia.

Ubingwa wake wa taifa kwa mashindano ya NCAA, shirika linalosimamia michezo ya vyuo Marekani, ulikuja 1952 mjini Seattle. Clyde Lovellette alifunga pointi 33 kwenye fainali, Kansas wakaifunga St. John's 80-63, na wachezaji saba wa kikosi kile wakaenda Olimpiki ya Helsinki. Ukikuta mahali pameandikwa kwamba Kansas walikuwa mabingwa pia 1922 na 1923, ujue hizo ni heshima zilizotolewa miaka mingi baadaye na taasisi ya Helms kwa kupekua rekodi. NCAA ilianza mashindano yake mwaka 1939. Usizijumlishe pamoja.

Kwenye benchi la 1952 alikaa kijana aliyeitwa Dean Smith, ambaye hakupata dakika nyingi uwanjani. Kabla yake alipita Adolph Rupp, aliyemaliza chuo 1923. Rupp alikwenda Kentucky akashinda mechi 876, na Smith akashinda 879 akiwa North Carolina. Mliweke akilini jina la North Carolina.

Allen alilazimishwa kustaafu 1956 kwa sababu alikuwa amefikisha miaka 70. Mwaka mmoja kabla alikuwa amemleta Wilt Chamberlain kutoka Philadelphia, kijana mwenye urefu wa zaidi ya futi 7. Kanuni za wakati ule zilikataza wanafunzi wa mwaka wa kwanza kuchezea timu kubwa. Kwa hiyo Allen alimpata mchezaji aliyemtafuta maisha yake yote, na hakumwongoza hata katika mechi moja ya timu kubwa. Msaidizi wake, Dick Harp, ndiye aliyerithi.

Fainali ya 1957, Kansas dhidi ya North Carolina, inastahili kutazamwa kwa karibu. Kocha wa Carolina, Frank McGuire, alimtuma Tommy Kearns, mwenye futi 5 na inchi 11, kurukia mpira wa kwanza na Chamberlain. Alijua mpira ule umepotea hata angemtuma nani, hivyo afadhali amwache mrefu wake nyuma alinde, na wakati huohuo amtie Chamberlain wasiwasi kidogo. Harp aliweka walinzi wanne katika kanda, kila mmoja akilinda eneo lake, na mmoja wa kumfuata Lennie Rosenbluth kila aendako. Ulinzi wa aina hiyo unafaa pale timu pinzani inapokuwa na mfungaji mmoja tu. Carolina walikuwa na wengine wanaotupa vizuri kutoka mbali, wakaachwa wazi, wakafunga, na hadi mapumziko walikuwa mbele 29-22. Harp ikabidi auache mpango wake na kulinda mtu kwa mtu.

Upande wa pili, Carolina walimzingira Chamberlain mbele na nyuma, na walipopata mpira waliukalia. Saa ya kuhesabu sekunde za shambulizi haikuwapo katika mchezo wa vyuo, na haikuja rasmi hadi msimu wa 1985-86. Dakika 40 zikaisha 46-46. Nyongeza ya kwanza kila timu ikafunga pointi 2, ya pili hakuna aliyefunga kitu. Ya tatu, zikiwa zimebaki sekunde 6, Joe Quigg akafunga mitupo huru miwili, kisha yeye huyohuyo akaigusa pasi ya mwisho iliyokuwa inakwenda kwa Chamberlain. Ikaisha 54-53. Harp aliondoka 1964 akiwa na ushindi 121 na kushindwa 82, na wengi humkumbuka kwa pointi ile moja. Mimi namwona kama mtu aliyerithi matarajio makubwa kuliko kikosi alichokuwa nacho; Chamberlain mwenyewe aliondoka 1958.

Ted Owens alikaa miaka 19, akashinda 348 na kupoteza 182, akafika nne bora, yaani nusu fainali ya NCAA, 1971 na 1974. Misimu miwili ya mwisho ilikuwa ya hasara, 13-14 halafu 13-16, akafukuzwa 1983.

Akaja Larry Brown, aliyecheza North Carolina chini ya Dean Smith, yaani mwanafunzi wa mwanafunzi wa Allen. Brown alimwajiri Ed Manning kuwa msaidizi, na mwanawe Danny akahamia Lawrence, kisha akaichezea Kansas. Kwa msomaji aliyezoea usajili wa mpira wa miguu, hapa panahitaji maelezo: chuo hakinunui mchezaji kutoka klabu nyingine. Kocha humwendea kijana na familia yake, akawashawishi. Ndivyo vyuo vinavyokusanya vikosi, na ndiyo njia iliyompeleka Hasheem Thabeet wetu Connecticut kwa kocha Jim Calhoun.

Mwaka 1988 Kansas waliingia mashindanoni wakiwa wamepoteza mechi 11, wakatwaa ubingwa. Hakuna bingwa mwingine aliyepoteza nyingi hivyo. Fainali ilikuwa Kansas City dhidi ya Oklahoma, timu ya mbio kali iliyokuwa imewafunga mara mbili msimu uleule. Kipindi cha kwanza walikimbizana nao hadi 50-50. Cha pili Brown akaupunguza mwendo, akawataka vijana wazungushe mpira mpaka wapate nafasi safi, na Oklahoma wakakosa mechi wanayoipenda. Danny Manning alimaliza na pointi 31 na ribaundi 18, Kansas wakashinda 83-79. Muda mfupi baadaye Brown akaenda timu ya kulipwa ya San Antonio Spurs, na NCAA ikaiadhibu Kansas kwa msaada wa fedha aliopewa mchezaji aliyekuwa akishawishiwa kuhamia. Bingwa hakuruhusiwa kutetea taji 1989. Namba za Brown, 135-44, zisomwe pamoja na adhabu hiyo.

Roy Williams aliyeipokea timu ile alikuwa msaidizi wa Dean Smith, na hakuwahi kuwa kocha mkuu wa chuo chochote. Katika misimu 15 alishinda 418 na kupoteza 101, zaidi ya asilimia 80. Silaha yake ilikuwa shambulizi la haraka lenye hatua mbili. Mpinzani akifunga, mpira unatolewa chini ya kikapu mara moja. Mrefu wa kwanza anakimbia moja kwa moja hadi kikapuni, watupaji wawili wanashika pembe. Ikiwa nafasi ya kwanza imezibwa, mrefu wa pili anayefika nyuma anapokea mpira juu ya duara na kuuhamishia upande wa pili kabla ulinzi haujajipanga. Mfumo huu unaivunja timu yenye pumzi fupi. Lakini mbio hazikusaidii ukiwa umesimama peke yako mstarini. Fainali ya 2003 Kansas walipata mitupo huru 30, wakafunga 12, wakafungwa na Syracuse 81-78. Nimeitazama mechi ile kwa makini, na bado naamini kocha alifanya kazi yake sawasawa usiku ule. Siku chache baadaye Williams alirudi nyumbani, North Carolina.

Bill Self, aliyechukua nafasi yake, alikuwa amewahi kufanya kazi chini ya Brown hapo Kansas msimu wa 1985-86. Msingi wake wa miaka mingi ulikuwa warefu wawili, mmoja karibu na mstari wa mitupo huru, mwingine chini ya kikapu. Beki akisimama mbele ya yule wa chini kuzuia pasi, mpira unapelekwa kwanza kwa wa juu, naye anaurusha nyuma ya beki huyo. Ni rahisi kueleza, vigumu kuuzuia. Huharibika pale mrefu wa juu asipoweza kutupa: beki wake humwacha, anarudi nyuma, na eneo lote linajaa watu. Ndiyo maana Self alipokosa warefu, hasa msimu wa 2017-18, alicheza na wachezaji wanne wa nje. Kocha anayekubali kuuacha mfumo wake ni adimu.

Fainali ya 2008 San Antonio, Memphis walikuwa mbele kwa pointi 9, 60-51, zikibaki dakika 2 na sekunde 12. Kansas wakaanza kuwafanyia faulo, Memphis wakaikosa mitupo huru. Derrick Rose alifunga mmoja kati ya miwili, 63-60. Hapo ukiwa mbele kwa 3, njia salama ni kumfanyia faulo mpinzani kabla hajatupa, apate mitupo huru miwili tu. Memphis walichelewa. Sherron Collins alipanda na mpira akiyumba, Mario Chalmers akapita nyuma yake na kuupokea, akatupa juu ya mkono wa Rose. Zilibaki sekunde 2.1. Muda wa nyongeza Kansas wakamaliza 75-68.

Kutoka 2005 hadi 2018 Self alitwaa ubingwa wa ligi yao, Big 12, mara 14 mfululizo, akiipita rekodi ya UCLA ya 13. Mwaka 2022 mjini New Orleans alikutana na North Carolina, akaenda mapumziko akiwa nyuma 40-25, akashinda 72-69. Usiku ule waliwahi kuachwa kwa pointi 16, na hakuna fainali nyingine ya NCAA iliyorudishwa kutoka mbali hivyo.

Kisha Oktoba 2023, baada ya uchunguzi wa muda mrefu kuhusu usajili, Kansas walifutiwa ushindi 15 wa msimu wa 2017-18 pamoja na nafasi yao ya nne bora mwaka ule. Mechi zilichezwa, watu waliziona, ila kwenye kitabu hazimo. Kwa sababu hiyo Self hakumpita Phog Allen msimu wa 2023-24, kama ambavyo ingekuwa. Alimpita Novemba 2024, kwa kuifunga Michigan State, na ushindi ule ukaandikwa kuwa wa 591.