Kansa ya tumbo (mfuko wa chakula): mbona dripu kwanza, kisu baadaye?

Mzee kaambiwa kansa imeshakuwa kubwa, tukajua atakatwa wiki hiyo hiyo, mbona kaanzishiwa kemo, hizo dripu za dawa za kuua kansa?

Hapo ndo familia nyingi zinachanganyikiwa, wanaona kama mgonjwa wao anacheleweshwa. Iko hivi, uvimbe ukishazama kwenye ukuta wa tumbo au ukafika kwenye tezi za jirani, mara nyingi kuna vijiseli vimeshatoroka ambavyo kisu hakivioni, sasa kemo inavifuata kwenye damu huko huko, na uvimbe wenyewe ukisinyaa dokta anakuwa na nafasi nzuri ya kuutoa wote. Halafu kabla ya kukatwa mtu bado ana nguvu zake. Baada ya oparesheni wengi dozi zinawashinda, hata kwenye utafiti wa Ujerumani wa FLOT4 uliotoka 2019, waliomaliza dozi zote za kabla na baada hawakufika nusu.

Hiyo FLOT ndo nini?

Dawa nne kwa pamoja, raundi 4 kabla ya oparesheni na 4 baada, kila wiki mbili. Kwenye utafiti huo nusu ya waliopewa FLOT waliishi zaidi ya miezi 50, wa mchanganyiko wa zamani ilikuwa 35. Sio ahadi kwa mzee wako lakini tofauti ipo. Ni dawa kali, kuhara, ganzi za vidole, na seli nyeupe za damu, askari wa mwili, kushuka, kwa hiyo homa ikigonga 38 msisubiri asubuhi, nendeni hospitali usiku huo huo.

Na ikishafika kwenye ini, si wakate tu?

Jamani, kabla hamjauza shamba, sikieni hili. Japani, Korea Kusini na Singapore walilipima, majibu yakatoka 2016: waliokatwa mfuko wa chakula kisha wakapewa kemo hawakuishi zaidi ya waliopewa kemo peke yake. Wapo wachache kemo inawakubali sana mpaka wanakuja kukatwa, na wengine wanapasuliwa kwa sababu tumbo limeziba au linavuja damu, ila hiyo ya pili ni kupunguza mateso tu. Ndo maana kabla ya yote wanachungulia tumboni kwa kamera kupitia vitundu vidogo, maana vijipunje vya kansa kwenye utando wa ndani ya tumbo, siti skani inaweza kuvipita.

Akitolewa mfuko wote wa chakula atakulaje?

Koo la chakula linaungwa na utumbo mdogo. Atakula kidogo kidogo, mara sita hivi kwa siku, na sindano za B12 ni za maisha, hata akijiona mzima.