Je, wajua kwa nini mawe hutangulia mchanga katika tangi la matumbawe?

Anayeanzisha tangi la matumbawe nyumbani, yaani tangi la kioo lenye maji ya chumvi la kufugia matumbawe na samaki, kwa mara ya kwanza huwa na hamu ya kumwaga mchanga kabla ya kitu kingine chochote, kwa kuwa ndivyo macho yanavyotarajia: mchanga chini, mawe juu yake, kisha maji. Waliozoea kazi hii hufanya kinyume. Huyakalisha mawe moja kwa moja juu ya kioo cha chini, au juu ya wavu mgumu wa plastiki uliotandikwa hapo, ndipo wakamwaga mchanga kuyazunguka. Sababu ya kwanza ni mnyama mdogo kuliko kidole.

Katika Bahari ya Hindi na Bahari ya Shamu yuko kamba wa jamii ya Alpheus, mwenye gando moja kubwa linalofyatuka kwa mlio mkali. Macho yake ni hafifu mno, naye huishi shimo moja na samaki mdogo ambaye kazi yake ni kulinda mlango. Mchana kutwa kamba huyo husukuma mchanga nje kama tingatinga, huku papasi lake moja likimgusa mwenzake. Samaki akitikisa mkia, wote wawili huingia shimoni. Wafugaji huwapenda kwa ushirika wao huo. Hata hivyo, jiwe la kilo kadhaa lililokalia mchanga likifukuliwa upande mmoja litainama, na likiegemea kioo kwa kishindo, mwenye tangi anaweza kuamka alfajiri akakuta maji yote yako sakafuni. Jiwe lililokalia kioo tangu mwanzo haliwezi kufukuliwa, maana chini yake hakuna cha kuchimba.

Sababu ya pili ni uzito wenyewe, ambao huwahadaa wengi. Mawe haya ni mifupa ya matumbawe yaliyokufa, yaani kalsiamu kaboneti, na jiwe lenye kilo 5 likiwa kavu hubakiwa na uzito wa kama kilo 3 tu likizamishwa katika maji ya chumvi. Kwa hiyo mpango uliosimama imara mezani kwa nguvu ya uzito peke yake unaweza kulegea ukiwa majini, pale konokono wanapoupanda na pampu zinapousukuma. Siku maji yatakapopunguzwa kwa ajili ya matengenezo, uzito ule hurudi ghafla, na tao lililoonekana salama likaporomoka. Ndiyo maana naona ni afadhali mtu akate kadibodi yenye vipimo vya sakafu ya tangi, aitandike mezani na kujenga juu yake kwanza, akitumia siku mbili au tatu bila haraka. Kila jiwe liguse lile la chini yake katika sehemu tatu angalau, kisha viungo vifungwe kwa gundi na epoksi (gundi nzito inayokauka ikawa ngumu kama jiwe) isiyo na sumu kwa viumbe wa majini. Kipimo cha mwisho ni kidole: sukuma jiwe la juu, na likicheza, anza upya. Waashi wa miji mikongwe ya pwani yetu, waliojenga kwa mawe haya haya ya matumbawe kuanzia Lamu hadi Kilwa, walikuwa na chokaa ya kufichia makosa yao. Mpangaji wa tangi hana.

Lakini kwa nini mawe yawepo kabisa? Mwanzoni mwa miaka ya 1960, Lee Chin Eng wa Jakarta alionyesha kuwa matumbawe na samaki wanaweza kuishi katika matangi yenye mawe yaliyotoka baharini na mapovu ya hewa tu, bila mashine za kuchujia. Siri ilikuwa katika vitundu vya mawe hayo. Samaki hutoa amonia, ambayo ni sumu. Bakteria wanaohitaji oksijeni, wanaokaa kwenye ngozi ya jiwe, huigeuza kuwa nitriti na kisha nitrati, na wengine wanaoishi ndani zaidi, mahali ambapo oksijeni haifiki, huigeuza nitrati kuwa gesi ya naitrojeni inayopotelea hewani. Katika tangi jipya jeshi hili huchukua wiki kadhaa kukua, mara nyingi wiki 4 hadi 6, na mawe makavu huchelewa zaidi kuliko yaliyotoka majini yakiwa na uhai.

Hapa ndipo umbo la mpango linapokuwa na maana kuliko wingi wa mawe. Kanuni ya zamani ilitaka takribani kilo 1 ya mawe kwa kila lita 8 za maji, yaani kilo 23 hivi kwa tangi la sentimita 90 kwa 45 kwa 45, na matokeo yake yalikuwa ukuta uliobanwa kwenye kioo cha nyuma. Nyuma ya ukuta ule maji hayapiti, kinyesi na mabaki ya chakula hutuama, na bakteria wa ndani hawaletewi kitu. Siku hizi wengi hutumia mawe machache zaidi, yenye vitundu vingi, yaliyosimamishwa kama visiwa viwili visivyolingana, huku wakiacha sentimita 5 hadi 10 kila upande ili maji yazunguke na sumaku ya kusugulia kioo ipite. Mimi niko upande wao, ingawa nakiri kwamba wiki za mwanzo tangi la namna hiyo huonekana kama kiwanja kisichojengwa.

Upungufu huo wa mwanzo ni wa makusudi. Matumbawe hukua, na ndani ya miili yao mna mwani mdogo sana unaowalisha kwa nguvu ya mwanga, hivyo yale ya jamii ya Acropora hutaka kilele penye mwanga na mkondo mkali, ilhali mengi ya yale laini huridhika chini. Kilele kikijengwa karibu na uso wa maji, tawi halitakuwa na pa kwenda. Isitoshe, matumbawe hupigana. Tumbawe gumu la jamii ya Galaxea usiku hunyosha minyiri yenye sumu inayoweza kupita sentimita 10, likamuunguza jirani, na asubuhi mwenye tangi asielewe kilichotokea. Pengo kati ya visiwa viwili ndilo mpaka wao.

Mawe yenyewe yasichukuliwe mwambani. Matumbawe magumu yote yako chini ya mkataba wa CITES unaodhibiti biashara ya viumbe kati ya nchi na nchi, na madukani yapo mawe yaliyochimbwa nchi kavu au kutengenezwa kwa saruji.

Mapango yanayobaki kati ya mawe ni ya samaki. Msemo wetu wa usingizi wa pono haukutungwa bure, kwani pono hujibanza katika ufa wa mwamba usiku na kulala fofofo, na hata samaki wadogo wa nyumbani hutafuta ufa wa namna hiyo. Taa zikizimwa, kaa mbele ya kioo na tochi hafifu uhesabu: kila samaki huelekea tundu lake lile lile la jana, na palipo na tundu moja kwa samaki wawili utaona mapezi yakisimama na mmoja akifukuzwa mpaka kwenye kona ya pampu.