Keji ifungwe kwenye bodi au kwenye chasisi?

Mteja aliniletea Land Cruiser fupi ya milango miwili akilalamika kwamba mlango wa dereva umeanza kugoma kufunga. Keji, yaani fremu ya mabomba inayowalinda waliomo gari likibingiria, ilikuwa imeshafungwa kwenye gereji nyingine, na kwa macho ilipendeza: mabomba yamekunjwa vizuri, rangi imekolea. Nilipoinua zulia nikakuta sakafu imepasuka kuzunguka mguu wa nyuma, nyufa tatu zimetoka kwenye tundu kama unyayo wa kuku. Fundi aliyetangulia alitoboa sakafu, akapitisha mguu wa keji, akauchomelea moja kwa moja kwenye chasisi, kisha akaiacha bodi ikae juu ya raba zake kama ilivyotoka kiwandani. Viti vilikuwa vimefungwa kwenye sakafu, na mikanda kwenye keji.

Nyufa zinazibika. Hilo la viti na mikanda ndilo lililonitisha.

Magari mengi madogo ya siku hizi hayana chasisi ya peke yake. Bodi ndiyo inayobeba kila kitu, na keji hufungwa kwenye sakafu hiyo hiyo bila mjadala. Lakini Land Cruiser za mfululizo wa 70, Suzuki za SJ na Hilux zina chasisi ya ngazi chini, yaani boriti mbili ndefu zilizounganishwa kwa vipande vya kukingama, na bodi imekalishwa juu yake kwa raba na bolti. Gurudumu moja likipanda jiwe, chasisi inajipinda, raba zinameza sehemu ya msokoto huo, na bodi inabaki na msokoto mdogo zaidi. Kwa hiyo una vitu viwili vinavyocheza, kila kimoja kivyake. Keji ni chuma kigumu kuliko vyote viwili. Ukiiunganisha na chasisi huku ikigusa bodi, bodi ndiyo itakayoliwa.

Kama huamini kwamba bodi inacheza, fanya ninavyofanya mimi kabla ya kukata bomba lolote. Finyanga donge la udongo laini, lisukume kwenye nafasi iliyo kati ya sakafu na chasisi, karibu na raba ya nyuma. Kisha inua gurudumu la mbele la upande wa pili kwa jeki mpaka lile la nyuma lianze kuwa jepesi, ulishushe, ulitoe donge ulitazame. Kwenye gari lenye raba zilizochoka, udongo hutoka umebapa kama andazi lililokaliwa. Hapo gari limesimama gerejini tu. Fikiria likiwa kwenye Rhino Charge ya Kenya, ambako mashindano yenyewe ni kufika vituo 13 ndani ya saa 10 kwa umbali mfupi kuliko wenzako, maana yake unakata moja kwa moja kupitia makorongo na miamba.

Swali la kwanza, basi, ni keji iwe ya nani. Ikiwa ya bodi, miguu yote ikae sakafuni juu ya mabamba mapana, na raba zibaki. Kanuni za FIA, shirikisho la kimataifa la mbio za magari, katika Kiambatisho J, zinataka bamba la kuimarisha chini ya mguu liwe na unene usiopungua milimita 3 na eneo la sentimita za mraba 120, na bolti zisizopungua tatu za M8 (unene wa milimita 8) za daraja la nguvu la 8.8. Ikiwa ya chasisi, mabomba yapite sakafuni bila kuigusa, kwenye matundu yenye nafasi ya kutosha yaliyozibwa kwa mpira. Au zile raba zitolewe, ziwekwe vipande vigumu, bodi na chasisi viwe kitu kimoja. Njia zote tatu zinafaa zikifanywa kikamilifu. Kinachovunja magari ni kuzichanganya.

Na popote keji inapokwenda, viti na mikanda viifuate. Gari likibingiria, bolti za bodi zinaweza kukatika au sakafu ikachanika pale raba zilipo. Kama kiti kiko kwenye bodi na mkanda uko kwenye keji iliyoshikwa na chasisi, kiti kinavutwa upande mmoja na mkanda upande mwingine, na katikati yake kuna mgongo wa mtu. Yule mteja nilimwambia hivyo hivyo. Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Fundi, hapo kando huwa anakaa mdogo wangu." Tukang'oa keji yote siku hiyo.

Kwa magari ya makorongo mimi huchagua chasisi, kwa miguu sita. Bodi inakuwa nguo tu, keji ndiyo mwili. Land Rover Defender ya zamani inakusukuma huko yenyewe: paneli zake nyingi ni za alumini, huwezi kuchomelea mguu wa chuma hapo, na bamba la bolti juu ya sakafu nyembamba hivyo litazama.

Kuchomelea kwenye chasisi kuna adabu yake. Usipitishe weldi kukata upana wa uso wa juu au wa chini wa boriti, kwa sababu pale ndipo mkazo unapokuwa mkubwa, na moto wako umechora mstari ambao ufa utaufuata. Chomelea ubavuni, tena kwa bamba lenye ncha zilizochongoka kama almasi, ili nguvu iingie kidogo kidogo. Ukipitisha bolti ndani ya boriti, weka kwanza kipande cha bomba nene ndani yake. Bila hicho unapokaza nati unaiponda chasisi, na baada ya wiki bolti imelegea.

Kuhusu bomba lenyewe: tafadhali, si bomba la maji. Lile lina mshono, lina zinki, na zinki ikiungua inatoa moshi mweupe unaoumiza mapafu na kuacha vitundu ndani ya weldi. Kanuni zinataka chuma cha kaboni kisicho na mshono, kilichovutwa baridi, chenye nguvu ya kuhimili kuvutwa isiyopungua newtoni 350 kwa milimita ya mraba. Upinde mkuu, ule wa nyuma ya viti, ni wa bomba la kipenyo cha milimita 45 na ukuta wa 2.5, au kipenyo cha 50 na ukuta wa 2.0. La pili ni jepesi kidogo, lakini napendelea la kwanza: jiwe likigonga ukuta wa milimita 2 linaacha bonde, na bomba lenye bonde limeshapoteza kazi. Upinde huo uwe bomba moja bila kiungo, na kila kona nusu kipenyo yake isipungue mara tatu ya kipenyo cha bomba. Pima kona kwa kalipa baada ya kukunja. Kipenyo kifupi kikiwa chini ya asilimia 90 ya kile kirefu, litupe.

Viungo vya juu, karibu na paa, ndipo mafundi wengi wanapodanganya, maana mkono na tochi ya weldi havipenyi. Nimeshafungua keji zilizochomelewa nusu duara tu, upande unaoonekana. Kwenye Defender paa linafunguka kwa bolti, huna kisingizio. Kwenye mengine, yatumie yale matundu ya sakafu: shusha keji yote chini kwa sentimita kumi na kitu, chomelea juu mzunguko mzima, kisha ipandishe na kuweka mabamba ya miguu mwishoni. Na kata ncha za mabomba kwa umbo la mdomo wa samaki mpaka zikumbatie bomba jingine bila mwanga kupenya. Pengo lisijazwe kwa weldi.

Kuna wanaotaka keji kwenye gari la kupeleka watoto shuleni. Huwa nakataa. Bomba lililo karibu na kichwa kisicho na helmeti linaua katika ajali ndogo ambayo gari tupu lingeisamehe. Hata kwa mashindano, kila bomba ambalo helmeti inaweza kulifikia ni lazima livishwe sponji ngumu.

Ile Land Cruiser iliondoka baada ya siku kumi na tisa. Kila nati ya miguu nimeichora mstari mweupe unaovuka mpaka kwenye bamba, ili ikigeuka hata kidogo mstari ukatike. Ilirudi juzi kutoka porini imejaa vumbi. Nililala chini yake na tochi kabla ya kumsalimia mwenyewe. Mguu wa nyuma kushoto, nati mbili zilikuwa zimesogea. Nimezikaza, nimechora upya, na wiki ijayo nitaangalia tena.