Kabla hujamwambia "shukuru kwa kila jambo", rudi mstari wa 14

Jumanne jioni aliingia ofisini kwangu mama mmoja kijana, kaunta buku kubwa amelibana kwapani. Umeme ulikuwa umekatika, feni imesimama, jasho linamtiririka, na bado lile daftari hakuliweka chini.

"Mchungaji, nimekuja kutubu."

"Kutubu nini, mama?"

"Kulia. Nimeambiwa niache, nimeshindwa."

Alikuwa amejifungua mtoto wa miezi saba aliyekwisha kufariki tumboni. Hiyo ilikuwa wiki ya sita. Jumuiya yake ilikuja kumwona, ikamwambia kwamba huzuni ikikaa sana inamfungulia adui mlango na kwamba shukrani ndiyo silaha. Akapewa na kazi ya kufanya: kila asubuhi aandike mambo 40 ya kumshukuru Mungu, siku 21 mfululizo. Alinifunulia ukurasa wa siku ya nne. Namba 1 mpaka 8 zilikuwa uhai, mume, paa, maji, mambo ya namna hiyo. Namba 9 ameandika, "Asante kwa kumchukua mwanangu." Ameikata. Ameiandika tena chini yake. Ameikata tena, safari hii kwa nguvu mpaka kalamu imetoboa karatasi na wino umeingia ukurasa wa nyuma.

Amenipa ruhusa niyaandike haya, na nimebadilisha mambo mawili matatu asitambulike. Nayaandika kwa sababu huyu si wa kwanza wala wa kumi. Miaka 14 ninakaa kwenye kiti cha ushauri wa kichungaji hapa Dar es Salaam, na mstari mmoja wa Maandiko nimeukuta umetumika kuziba watu midomo mpaka naumia kila ninapousikia ukitajwa kwa haraka: "Shukuruni kwa kila jambo, maana hayo ni mapenzi ya Mungu kwenu katika Kristo Yesu." Wathesalonike wa kwanza, sura ya 5, mstari wa 18.

Tuanze na hilo "kwa".

Kwa Kiswahili neno hili linabeba mizigo mingi. Nimekuja kwa daladala, nimeandika kwa kalamu, nimelala kwa shangazi, nakushukuru kwa chakula. Ukilitangulizia "shukuru", sikio la Mswahili linakwenda moja kwa moja kwenye sababu: unashukuru kwa ajili ya kile kitu. Ndiyo maana yule mama aliandika ile namba 9. Hakukosea sarufi. Alifuata sikio lake. Lakini Kigiriki cha Paulo hapo kinasema *en panti*, na hiyo *en* ni "katika", ni "ndani ya". Mshukuru Mungu ukiwa ndani ya hali yoyote. Siwalaumu waliotutafsiria Biblia, maana hata "kwa" yetu inaweza kuubeba mzigo huo. Maarusi wanasimama madhabahuni wakiahidi kupendana kwa shida na raha, na hakuna mgeni anayeelewa kwamba bwana harusi atampenda mkewe kwa sababu ya shida. Sote tunaelewa: hata shida ikiingia, watapendana humo humo. Kumbe masikio tunayo. Tunayaacha mlangoni tukiingia kwenye nyumba yenye msiba.

Mama aliyefiwa na mtoto anaweza kumshukuru Mungu akiwa ndani ya kufiwa. Anaweza kumshukuru kwa dada yake anayemfulia nguo, kwa usingizi wa saa tatu alioupata jana, kwa Mungu ambaye bado anasikia. Kumtaka ashukuru kwa sababu mtoto amekufa ni jambo jingine, na Paulo hakuliandika pale.

Sasa niseme ukweli wote, kwa sababu mtu akiisoma Biblia yake vizuri atanirudia. Waefeso 5:20 inasema kumshukuru Mungu Baba "sikuzote kwa mambo yote", na pale Kigiriki si *en*. Ni *huper*, ambayo kwa kawaida ni "kwa ajili ya". Nimesoma maelezo mengi ya mstari huo. Wengine wanasema Paulo anazungumzia ibada, watu waliojazwa Roho wanaimba zaburi na tenzi, na "mambo yote" ni mema yote ya wokovu. Naegemea huko, lakini siwezi kukwambia kwamba swali limefungwa. Ninachojua ni kwamba Waefeso 5:20 sijawahi kuiweka mezani mbele ya mtu aliye katika wiki ya sita ya kufiwa, na sitaiweka.

Lakini hata nikinyamaza kuhusu Kigiriki, kuna jambo ambalo halihitaji lugha yoyote ya kigeni. Linahitaji macho tu. Mistari minne kabla ya huo unaoupenda, kwenye sura hiyo hiyo na barua hiyo hiyo, Paulo amesema tuwafanyie nini watu wa namna mbalimbali: "waonyeni wale wasiokaa kwa utaratibu, watieni moyo walio dhaifu, watieni nguvu wanyonge, vumilieni na watu wote." Mstari wa 14. Ni watu watatu tofauti na huduma tatu tofauti. Anayeonywa ni yule asiyekaa kwa utaratibu, na neno lenyewe linamfaa askari aliyetoka kwenye safu. Wa pili, yule "dhaifu", neno lake la Kigiriki ukilivunjavunja ni mwenye nafsi ndogo, mtu ambaye moyo umemnywea. Huyo haonywi. Huyo anatiwa moyo. Wa tatu anashikwa mkono asianguke. Halafu wote watatu wanavumiliwa.

Naomba msomaji akae hapa kidogo, kwa sababu karibu kila jeraha la kanisani ninaloletewa limeanzia hapa. Sisi tumechukua huduma ya mtu wa kwanza tukampa wa pili. Mtu amenywea, sisi tunamwonya. Mtu hana nguvu hata ya kuinua kikombe cha chai, tunamwambia imani yake ndogo. Ukimfanyia hivyo mara tatu hatakuja tena na machozi. Atakuja amejipaka poda, atasema "Bwana asifiwe" kwa sauti kubwa kuliko wote, na ninyi mtashangilia kwamba amevuka. Hajavuka. Amejifunza kuwaficha. Na ubaya mkubwa kuliko wote, amejifunza kumficha Mungu pia, kwa sababu ameambiwa Mungu naye hataki kuona machozi yake.

Kwani barua yenyewe inakataza kuhuzunika? Sura ya 4 mstari wa 13 Paulo anataka "msije mkahuzunika kama na wengine wasio na matumaini". Hakuishia kwenye "msihuzunike". Huzuni ameiacha, ameitia tumaini ndani. Na yeye mwenyewe, mwandishi wa "furahini siku zote", aliwaandikia Wakorintho bila aibu kwamba kule Asia walilemewa hata wakakata tamaa ya kuishi.

Ayubu nampitia haraka. Misibani tunaishia sura ya kwanza, "BWANA alitoa, na BWANA ametwaa", halafu tunafunga Biblia. Fungua sura ya 3 uone mtu yule yule akiilaani siku aliyozaliwa. Kisha nenda sura ya 42 uone Mungu amewakasirikia akina nani. Amewakasirikia marafiki waliokuwa wakimtetea Mungu, na Ayubu aliyelalamika ndiye anaambiwa amenena yaliyo sawa.

Watu huniuliza, basi kukua kiroho ni nini kama machozi hayapungui? Wengi tunadhani Mkristo akikomaa anakuwa kama jiwe la mtoni, maji yanapita juu, lenyewe limetulia. Mimi naangalia kitu kingine. Naangalia kama mtu bado anaongea na Mungu. Takribani theluthi ya Zaburi zote ni maombolezo, watu wanaomlalamikia Mungu mbele ya uso wake, na kitabu hicho ndicho Israeli walipewa cha kusalia. Zaburi ya 88 inaishia gizani kabisa, haina hata mstari mmoja wa mwisho wa kuifariji. Imeachwa hivyo hivyo ndani ya Maandiko Matakatifu. Na Bwana wetu pale Gethsemane hakuwaambia wanafunzi kwamba yuko sawa. Aliwaambia roho yake ina huzuni nyingi kiasi cha kufa, akawaomba wakae wakeshe pamoja naye. Kama Yesu aliomba asiachwe peke yake na huzuni yake, wewe ni nani wa kumfukuza mwenzio na yake?

Kuna nabii Eliya pia, na huyu namtumia karibu kila wiki. Chini ya mti wa mretemu aliomba afe. Malaika hakuja na maonyo. Alimgusa, akamwonyesha mkate uliookwa juu ya makaa na gudulia la maji. Eliya akala, akalala tena. Malaika akarudi mara ya pili: inuka, ule, safari ni kubwa mno kwako. Swali la "unafanya nini hapa?" alikutana nalo kwenye mlima Horebu, baada ya kula, kulala na kutembea siku 40. Anayeondoka Mbagala saa kumi na moja alfajiri na kurudi saa tatu usiku, Ijumaa akakesha kanisani, Jumapili akawa na kwaya, akija kuniambia roho yake imekauka, namuuliza kwanza amelala saa ngapi wiki hii. Wengine wanakasirika. Walitaka niwawekee mikono. Nawawekea, halafu nawaambia wakalale.

Kuhusu sonona nitasema machache, kwa sababu mimi si daktari. Ukiona wiki mbili zimepita mtu hana furaha na chochote, usingizi umeharibika, chakula hakipiti au anakula bila kipimo, anajiona hana thamani, mpeleke hospitali. Akianza kusema habari za kufa, mpeleke leo, usimwache peke yake. Amana, Temeke, Mwananyamala, Muhimbili, anzia iliyo karibu. Maombi yaendelee. Dawa za sonona huchukua wiki kadhaa kabla hajaanza kuona nafuu, kwa hiyo asiache siku ya tano akisema hazifanyi kazi, na mchungaji wake asimwambie aziache.

Hili nalisema kwa uchungu. Miaka ya mwanzo nilikuwa na baba mmoja niliyemwombea miezi minne. Alikuwa akiamka saa tisa usiku kila siku na suruali zilikuwa zikimvuka. Niliona. Nilidhani tuko vitani na kwamba kumpeleka kwa daktari ni kukiri kushindwa. Mke wake ndiye aliyempeleka, bila kuniambia, na akapona. Alikuja kunishukuru kwa maombi. Sikumwambia siku ile kwamba nilimchelewesha. Nilimwambia mwaka uliofuata.

Wala sitaki mtu aniondokee akidhani shukrani haina kazi. Daftari la shukrani nimewahi kulipendekeza mwenyewe, na nimeona watu waliochoka tu, waliozoea kuona mabaya, wakirudi na uso tofauti. Wapi hasa mpaka kati ya aliyechoka na aliyevunjika, sina fimbo ya kuupimia. Huwa nakosea. Vilevile kuna huzuni inayotokana na dhambi iliyofichwa, kama ile ya Zaburi ya 32, mtu amenyamaza mpaka mifupa inachakaa, na huyo kweli anahitaji toba. Kwa hiyo swali la dhambi silifuti kwenye orodha yangu. Nimelitoa tu kwenye nafasi ya kwanza.

Nirudi kwa mama yetu. Toba yake sikuipokea, maana hapakuwa na dhambi. Nilimfungulia Zaburi ya 13 nikamwomba aisome kwa sauti. Ina mistari sita tu. Alipofika mstari wa pili alisimama.

"Mchungaji, amesema 'hata lini' mara nne."

"Hesabu tena."

Akahesabu kwa kidole. Nne. Akauliza, "Na mimi naruhusiwa kumwuliza hivi?" Nikamwambia Daudi aliimba hivyo mbele ya watu. Akafungua daftari ukurasa mpya, akaandika muda mrefu bila kuweka namba. Sikuomba kusoma. Umeme ulirudi akiwa bado anaandika, feni ikaanza kupeperusha karatasi, akazishika kwa kiwiko akaendelea.

Kesho jumuiya inasali nyumbani kwake. Nimezungumza na mzee wa jumuiya, mtu mwema, na aliyempa kazi ya mambo 40 alikuwa yeye mwenyewe, kwa nia safi kabisa. Tumekubaliana tutasoma kuanzia mstari wa 14. Dakika za mwanzo hakuna atakayehubiri. Mkewe anapika wali na maharage, na ameniuliza kama itafaa amuulize mama yule jina walilokuwa wamepanga kumpa mtoto. Nimemwambia amuulize.