Faili la mwendo halijaharibika

Wiki hii nimeletewa tena faili la BVH, yaani faili la matini linalohifadhi mwendo wa mifupa kwa ajili ya uhuishaji wa kompyuta, pamoja na malalamiko yale yale: mhusika amepakiwa mwendo wa kutembea, mikono ikazama kiunoni, miguu ikateleza sakafuni, na mwenye kazi akakata shauri kwamba faili limeharibika. Nililifungua kwa programu ya kawaida ya kuhariri matini, nikalisoma lote, na sikuona kasoro hata moja.

Kinachonichosha ni imani kwamba ndani ya faili kuna mwendo uliokamilika, unaoweza kuvikwa mhusika yeyote. Haumo. Sehemu ya HIERARCHY hutaja viungo, kipi ni mzazi wa kipi, na umbali uliopo kati yao. Sehemu ya MOTION hutaja idadi ya fremu na muda wa kila fremu, kisha hufuata safu za namba tupu. Kiunzi cha mifupa chenye mzizi (kiungo kinachobeba vingine vyote) wa chaneli 6, yaani namba sita kwa kila fremu, na viungo 20 vya chaneli 3 kila kimoja hutoa namba 66 kwa kila fremu. Ukiondoa tatu zinazoonyesha mahali pa mzizi, zilizobaki zote ni pembe, na pembe haina maana mpaka ujue inapimwa kuanzia wapi.

Inapimwa kuanzia mkao wa mapumziko, yaani jinsi kiunzi kilivyosimama kabla ya kupewa mwendo wowote. Ikiwa mwendo ulirekodiwa kwa kiunzi kilichonyoosha mikono mlalo, mkono unahitaji kuzunguka takriban digrii 80 ili ushuke ubavuni. Mhusika wako aliyeundwa mikono yake ikiwa tayari imeshuka digrii 45 atapewa digrii 80 zile zile juu ya 45 alizonazo, na mkono utapenya mwilini. Programu imetii ilichoambiwa. Watu humaliza jioni nzima wakibadilisha majina ya mifupa ili yalingane, ilhali majina huieleza programu pembe ipi iende kwenye kiungo kipi tu. Kuhusu mwanzo wa pembe hiyo hayasemi lolote. Linganisheni mikao kwanza, ndipo mpakie.

Mpangilio wa mihimili, yaani mistari ya X, Y na Z ambayo kiungo huizunguka, nao uheshimiwe: mizunguko iliyoandikwa Z, X, Y ikisomwa X, Y, Z, kosa hufichika kwenye pembe ndogo na kujitokeza mhusika anapopiga sarakasi. Kuteleza kwa miguu mara nyingi hupungua ukikuza au kupunguza safari ya mzizi kwa uwiano wa urefu wa miguu.

Upande wa kuhifadhi, BVH huandika thamani za kila fremu na kuacha mikunjo ya uhuishaji (mistari inayoonyesha thamani zinavyobadilika kwa muda) pamoja na vidhibiti vyote ulivyovitumia kumsogeza mhusika, kwa hiyo faili la mradi lihifadhiwe kabla ya kutoa BVH, kwa maana ukiipakia upya hutapata vidhibiti hivyo.

Lipo jambo moja ambalo hata mimi sijalipatia kanuni. Mwigizaji aliyerekodiwa ameshika kiuno, na mhusika ana kiuno kipana zaidi. Nikitunza pembe, kiganja kinazama mwilini. Nikitunza mguso, kiwiko kinasogea na ule mkao wa ukaidi ambao mwigizaji aliuchagua unapotea. Huamua kwa jicho, tukio kwa tukio, na zaidi ya mara moja nimerudi siku ya pili nikabadili uamuzi wangu.